Je, wajua kwa nini besiboli humlipa mtu mamilioni acheze mwishoni tu?

Kwenye soka, timu inayoongoza kwa bao moja dakika ya 88 inajua la kufanya: mpira unapelekwa kwenye kibendera cha kona, golikipa anajilaza akishika mguu, saa inamalizia kazi. Besiboli haina saa ya kumaliza mechi. Mechi ina ngwe, yaani vipindi, tisa, na kila ngwe timu inayolinda lazima iwatoe wapigaji watatu. Hata wale watatu wa mwisho hawatoki mpaka mtu awatoe.

Nani awatoe? Ni mrushaji, anayemrushia mpigaji mpira aupige kwa rungu. Mrushaji aliyeanza mechi kwa kawaida amekwisha kurusha mipira kama mia. Mkono umechoka na, baya zaidi, wapigaji wamemwona mara tatu; wameshamsoma. Basi anaitwa mrushaji wa akiba, mkono mbichi, mipira migeni machoni mwao. Anayepewa ngwe ya tisa akalinda uongozi mwembamba huandikiwa kwamba "ameokoa" mechi.

Hakuna aliyeokoa nyingi kuliko Mariano Rivera wa timu ya New York Yankees: 652. Alikulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi nchini Panama, na utotoni glavu yake ilikuwa kipande cha boksi la maziwa. Alipopanda ligi kuu mwaka 1995 alijaribiwa kama mrushaji wa kuanza, hakung'ara.

Kisha, mwaka 1997, akirushiana mpira na mwenzake Ramiro Mendoza kupasha misuli, mpira ukaanza kukata kona wenyewe. Mendoza alilalamika hawezi kuudaka. Rivera na kocha wakahangaika kuunyoosha, ikashindikana, wakauacha. Vizuri walishindwa! Mpira ule ulikuja kwa takriban kilomita 150 kwa saa, umenyooka kabisa, halafu hatua za mwisho ukahama kuelekea mikononi mwa mpigaji wa mkono wa kushoto, ukagonga sehemu nyembamba ya rungu. Marungu yalivunjika hovyo. Kila mtu alijua ndio unaokuja, na bado.

Kazi hii ina ukatili wake: mrushaji wa kuanza akikosea mapema, wenzake wana muda wa kurekebisha. Wa mwisho hana. Fainali ya 2001, mechi ya saba, Rivera aliingia ngwe ya nane Yankees wakiongoza 2–1 dhidi ya Arizona. Ngwe ya tisa matokeo yakawa 2–2, vituo vyote vina watu wa Arizona; mmoja akifika nyumbani, imekwisha. Luis Gonzalez akapiga, rungu likapasuka kama kawaida, lakini mpira ukaelea juu ya walinzi waliokuwa wamesogezwa mbele na kudondoka nyuma yao. Ubingwa ukaondoka hapo hapo.

Alicheza hadi 2013. Mwaka 2019 akawa wa kwanza kuingizwa kwenye jumba la magwiji la besiboli kwa kura zote za waandishi, 425 kwa 425. Msimu wake wa kuaga, wapinzani wao, timu ya Minnesota, walimpa zawadi ya kiti cha kubembea. Kilikuwa kimeundwa kwa marungu yaliyovunjika.