Paka Aliyenyamaza Si Lazima Awe Ametulia

Kila ifikapo Oktoba, msimu wa korosho unapofunguka, nyumba nyingi za Mtwara na Lindi hubadilika ndani ya siku chache: magunia hurundikwa sebuleni kabla hayajapelekwa chama cha msingi cha ushirika ili yauzwe mnadani, jamaa kutoka mashambani hulala mikekani, na mlango wa uani hushinda wazi. Wenye nyumba huvumilia kwa kuwa wanajua fedha iko njiani. Paka hajui habari za mnada. Anachokiona ni kwamba kona aliyoizoea imejaa magunia yenye harufu ngeni na watu asiowajua wanapita karibu na sahani yake. Akianza kukojoa godoroni wiki hiyo, husemwa kuwa ameharibika tabia, kumbe huenda ana msongo, yaani hofu na wasiwasi wa kubanwa na mazingira. Zifuatazo ni dhana tano zinazotupotosha tunapomtazama paka wa namna hiyo.

“Anakojoa godoroni kwa kisasi”

Nitaieleza dhana hii kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu ikishaaminiwa hufuatiwa na kipigo. Paka hapangi kisasi. Anayeacha beseni lake la mchanga wa kujisaidia, au pembe ya ua aliyoizoea, ama anaumwa, ama mahali pale pamemshinda: pachafu, pana kelele, au paka mwingine humvizia hapo.

Ziko hali mbili ambazo mwenye paka anapaswa kuzitofautisha. Paka anayesimama na kuinua mkia unaotetemeka, kisha akarusha mkojo kidogo ukutani, anaweka harufu yake mahali anapohisi pameingiliwa. Anayechuchumaa mara kwa mara, akatoa matone machache huku akilia, ana shida ya kibofu. Upo uvimbe wa kibofu unaotokea bila bakteria wala mawe kuonekana, na msongo ni miongoni mwa mambo yanayouchochea. Kwa dume, ambaye mrija wake wa mkojo ni mwembamba, njia inaweza kuziba kabisa, na dume aliyeziba anaweza kufa ndani ya siku chache asipotibiwa.

Haya nimeyajua kwa uchungu. Tulikuwa na dume la rangi ya manjano hapa Mikindani, ambalo katika msimu kama huo lilikojoa mara tatu juu ya godoro la mgeni, nami nikalifokea na kulifungia nje. Siku ya pili nikaliona likichuchumaa kila pembe ya ua bila kutoa kitu, nikadhani limefunga choo, nikaacha jioni ipite. Daktari wa mifugo alipolipapasa tumbo alikuta kibofu kimekuwa kigumu kama chungwa bichi. Akamzibua kwa mrija, na paka wetu akapona. Hasira niliyomwonyesha ilimwangukia kiumbe aliyekuwa katika maumivu makali, na bado hunisikitisha nikikumbuka.

Kumchapa paka, au kumsugua pua kwenye mkojo wake, humfundisha kumwogopa aliyemchapa, na woga huo huongeza msongo uleule uliomfikisha hapo. Godoro lioshwe vizuri na kuanikwa juani, bila kutumia dawa ya kusafishia yenye amonia, kwa kuwa harufu yake hufanana na ya mkojo na humrudisha paka palepale.

“Roho ya paka haiumwi ovyo”

Tunapomsifu mtu kwamba ana roho ya paka, tunamaanisha kwamba hafi kirahisi. Msemo huo umetuzoesha kudhani kwamba paka akinyamaza mambo yake ni mazuri. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu anayewinda peke yake, naye kwa udogo wake huwindwa na wakubwa zaidi, kwa hiyo kuficha udhaifu ndiyo kinga yake. Msongo wake hauna makelele. Hujikunyata miguu ikiwa imebanwa chini ya mwili, masikio hulala kando, mboni hutanuka hata mahali penye mwanga, na mkia hubanwa ubavuni. Wengine hujilamba tumbo na mapaja mpaka manyoya yanaisha, na mwenyewe akadhani ni ukurutu. Wengine hulala kutwa nzima chini ya kitanda, wakatafsiriwa kuwa wavivu.

Dalili isiyopaswa kungojewa ni kuacha kula. Paka, hasa aliye mnene, akikaa siku kadhaa bila chakula anaweza kupata maradhi ya ini kujaa mafuta, na hayo huua.

“Akinguruma amefurahi”

Mara nyingi ni kweli, lakini paka hunguruma pia akiwa na maumivu, akizaa, au akiwa na hofu. Mngurumo usomwe pamoja na mwili mzima: aliyeridhika hulegea na kufumba macho polepole, aliyebanwa hunguruma huku misuli imekaza.

“Mtoe mafichoni umkumbatie, atazoea ngoma”

Katika miezi ya jando na unyago, ngoma hulia usiku kucha na siku hizi spika kubwa huongezwa. Sikio la binadamu husikia sauti hadi kiasi cha hezi 20,000, la paka hufika karibu 64,000, kwa hiyo yapo mengi yanayomfikia yeye ambayo sisi hatuyasikii kabisa. Anapojificha anajitibu, na kumvuta kwa nguvu ni kumnyang'anya dawa yake. Boksi la karatasi ngumu lenye tundu moja, likawekwa chumba cha nyuma au juu ya kabati na kutandikwa kitambaa chenye harufu yake, humsaidia kuliko kubembelezwa. Watoto waambiwe wasimfuate huko.

“Ana upweke, mletee mwenzake”

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, lakini paka mgeni anayeingizwa ghafla huwa chanzo cha msongo. Mgeni akae kwanza chumba chake, vitambaa vya kulalia vibadilishanwe ili kila mmoja aizoee harufu ya mwenzake, ndipo waonane kwa muda mfupi mfupi wakati wa kula. Sahani zitenganishwe. Mabeseni ya mchanga yawe moja kwa kila paka na moja la ziada, katika sehemu tofauti. Madume yakihasiwa, ugomvi na kunyunyiza mkojo hupungua sana.

Na jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote: asipewe kidonge cha binadamu cha kumtuliza au kumwondolea maumivu. Parasetamoli ni sumu kwa paka, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Apelekwe kwa daktari wa mifugo, au aulizwe afisa mifugo wa halmashauri.

Msimu uliopita tulihamisha beseni na sahani ya paka wetu polepole kwenda chumba cha nyuma, wiki mbili kabla ya gunia la kwanza kuingia. Wageni walipofika alijificha siku mbili, akila usiku tu. Siku ya tatu alfajiri nilimkuta ameketi juu ya magunia, akijilamba mguu.