Je, wajua kwamba sukari haizai minyoo?

Katika nyumba nyingi za Kisumu, mtoto akishika tumbo na kulia, swali la kwanza huwa moja: amekula peremende ngapi? Nyanya atasema sukari imeamsha minyoo. Mama ataficha kopo la sukari, na mtoto atakunywa chai chungu wiki nzima. Imani hii ina mizizi mirefu, wala si ya kwetu pekee. Hata Ulaya, kwa karne nyingi waganga waliamini kwamba minyoo huzaliwa ndani ya mwili kutokana na chakula kilichooza tumboni.

Si kweli. Tena kinachoikanusha imani hiyo ni jambo la ajabu kuliko imani yenyewe.

Chukua mnyoo mkubwa wa mviringo, yule ambaye wataalamu humwita askarisi. Jike lake huweza kupita urefu wa sentimita 30, na hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Ukisikia idadi hiyo utadhani kwamba mnyoo mmoja akiingia, baada ya mwezi tumbo zima litajaa. Lakini hakuna hata yai moja linaloanguliwa mle ndani. Yote hutoka na choo. Mtoto akiwa na minyoo 20, basi alimeza mayai yasiyopungua 20, na kila moja lilitoka nje likapitia kinywani. Ale peremende, ale mandazi, atafune muwa kutwa, hao 20 hawatakuwa 21.

Kwa nini? Fikiria gunia la mahindi ghalani Bungoma. Punje zile zi hai, na kila moja inaweza kuwa mmea, lakini zikikaa humo mwaka mzima hazioti, kwa sababu hazijakutana na udongo na mvua. Sasa mtu akimwaga mbolea juu ya gunia, je, zitaota? Hazitaota, maana mbolea hulisha mmea uliokwisha kuchipuka, haiigeuzi punje ghalani kuwa shamba. Ndivyo ilivyo kwa sukari. Ni kweli kwamba mnyoo mzima aliye tumboni hula katika kile mtoto anachokula, na sukari imo. Lakini kumlisha aliyepo ni jambo moja, na kuongeza idadi ni jambo lingine kabisa. Yai linapotoka na choo bado halina kijinyoo ndani yake. Linahitaji oksijeni, ambayo ni haba mno utumboni, pamoja na unyevu na joto la kadiri la udongo, kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Kabla ya hapo, hata likimezwa halidhuru. Baada ya hapo linaweza kungoja ardhini kwa miaka likiwa tayari.

Likimezwa sasa, kijinyoo hutoka ndani ya yai kikiwa katika utumbo mwembamba, lakini hakikai hapo. Hutoboa ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu, hupita kwenye ini na moyo hadi mapafuni, kisha hupanda bomba la hewa mpaka kooni, na huko mtoto hukimeza mara ya pili. Ndipo kinarudi utumboni kukua. Kuanzia yai kumezwa hadi jike kuanza kutaga ni miezi miwili hadi mitatu. Kwa hiyo peremende ya jana haiwezi kuwa chanzo cha mnyoo wa leo. Safari hii ilithibitishwa kwa njia ya kutisha mwaka 1922, pale Shimesu Koino, daktari wa watoto wa Japani, alipomeza mayai 2,000 kwa hiari yake. Aliugua mapafu, akavikuta vijinyoo kwenye makohozi yake mwenyewe.

Si minyoo wote wanaofuata sheria hii. Wale wadogo weupe kama uzi hutaga mayai nje ya tundu la haja kubwa usiku, na baada ya saa chache mayai hayo huwa tayari. Mtoto akijikuna kisha akatia kidole mdomoni, hujiambukiza upya. Kuna pia aina chache zinazoweza kuendeleza kizazi ndani ya mwili. Minyoo wa safura nao hawana haja ya kinywa, kwa kuwa aghalabu huingia kwa kutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu. Katika hao wote, hakuna anayezaliwa na sukari.

Ushahidi ninaoupenda zaidi umetoka hapa hapa magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 1998, shule 75 za msingi huko Busia zilipewa dawa za minyoo kwa zamu. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer, waliochapisha matokeo mwaka 2004, waliona kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa katika shule zilizotibiwa walipungukiwa na minyoo. Kama minyoo wangetokana na anachokula mtoto, dawa ya jirani ingemfaa nini? Ilimfaa kwa sababu udongo wanaochezea ni mmoja. Hesabu hizo zilipopitiwa upya mwaka 2015, kulizuka ubishi mkali kuhusu faida kwa mahudhurio ya shule, na kuhusu umbali ambao manufaa yalifika nje ya shule zenyewe. Lakini matokeo ya kupungua kwa minyoo ndani ya shule yalibaki imara.

Imani ya sukari hudumu kwa kuwa inaonekana kuthibitika. Utamu mwingi huvuta maji utumboni na mtoto huharisha bila mnyoo yeyote. Tena peremende huliwa kwa mikono iliyotoka mchangani, na ikianguka huokotwa.

Kinachonihuzunisha ni mtoto anayenyimwa chai ya sukari huku ugonjwa wake ukiendelea. Minyoo wachache mara nyingi hawaleti maumivu yoyote. Tumbo la mtoto wa Kisumu laweza kuuma kwa sababu ya amiba, giadia, malaria, au kichocho kutoka maji ya ziwa, ambacho hutibiwa kwa prazikwanteli wala si kwa kidonge cha albendazoli kinachogawiwa kwa minyoo wa kawaida. Ndiyo maana choo kinapaswa kupimwa. Hata hivyo, hadubini hutafuta mayai, si minyoo wenyewe. Vijinyoo wakiwa bado mapafuni, au kama minyoo walioko ni madume watupu, hakuna yai litakaloonekana. Kama dalili zinaendelea, daktari akiomba choo cha siku nyingine, mpelekee.