Nini maana ya uwajibikaji baada ya ajali ya nyuklia?

Katika Kiswahili cha siasa, hasa Tanzania, neno "kuwajibika" limekaribia kubaki na maana moja tu: kujiuzulu. Ukisikia waziri kawajibika, unajua kiti kiko wazi. Mfano unaotajwa kila mara ni wa Ali Hassan Mwinyi, aliyeacha uwaziri wa mambo ya ndani mwaka 1977 baada ya watu kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza. Ni mfano wa heshima. Lakini ukienda nao Fukushima, Japani, kulikotokea ajali ya nyuklia mwaka 2011, utaona haufiki mbali, maana kule wakubwa walijiuzulu na wananchi wakabaki na maswali yale yale.

Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilitikisa pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani. Haikupita saa moja, tsunami ikaufikia mtambo wa Fukushima Daiichi, mali ya kampuni ya umeme ya TEPCO. Maji yalipanda kama mita 15, ilhali mtambo ulikuwa umejiandaa kwa mawimbi ya kama mita 6. Umeme wa kupozea vinu vya nyuklia ulikatika na viini vya vinu vitatu vikayeyuka. Watu zaidi ya 150,000 wakahama makwao, wengine na nguo walizovaa tu.

Neno lililosikika sana siku zile lilikuwa *soteigai*, yaani jambo lililo nje ya makadirio. Nani angelitarajia wimbi kubwa namna ile? Jibu lilikuja kujulikana baadaye: mwaka 2008, ndani ya TEPCO yenyewe, ilipigwa hesabu kwa kufuata tathmini ya matetemeko iliyotolewa na serikali mwaka 2002. Hesabu ilionyesha kwamba wimbi lingeweza kufika mita 15.7. Wakubwa waliarifiwa, wakaamua jambo hilo lichunguzwe zaidi kwanza. Ukuta haukujengwa.

Sasa tuitazame dhana yenyewe. Uwajibikaji ni hali ya mwenye mamlaka kudaiwa maelezo na watu ambao uamuzi wake umewagusa, na kuwa tayari kubeba matokeo ya maelezo hayo. Wanaoifuatilia asili ya maneno watakwambia kwamba "wajibu" na "jibu" vyote vimetoka Kiarabuni lakini si ndugu wa damu, kila kimoja na mzizi wake. Masikioni mwetu, hata hivyo, vimeshazoeana, na kwenye ajali kama hii kimoja hakiendi bila kingine. Huwezi kusema umetimiza wajibu ikiwa hujajibu.

Rais wa TEPCO, Masataka Shimizu, alipiga magoti na kuinamisha kichwa mbele ya wahamishwa waliohifadhiwa Koriyama mwezi Aprili 2011. Mwezi uliofuata akatangaza kuachia ngazi. Kuomba radhi ni jambo zito, sipendi kulidharau. Ila aliyekuwa amelala juu ya boksi sakafuni pale hakuwa akisubiri kuinamiwa. Alitaka kujua kwa nini ukuta haukujengwa, atarudi lini kwake, na mtoto wake amevuta nini mapafuni.

Kwa hilo la ukuta, bunge liliunda tume huru chini ya daktari Kiyoshi Kurokawa. Ripoti yake ya Julai 2012 ilitamka wazi kwamba ajali hii ilisababishwa na binadamu, na kwamba serikali, msimamizi na kampuni walikuwa wameshikana mikono. Msimamizi wa usalama alikuwa idara ndani ya wizara ile ile iliyokuwa ikihimiza nishati ya nyuklia. Fikiria mchezo ambao refa analipwa na timu mojawapo. Wajapani wanauita mtandao huo *genshiryoku mura*, kijiji cha nyuklia. Baadaye mwaka huo chombo kipya cha usimamizi kikaundwa nje ya wizara hiyo, na hilo nalihesabu kuwa uwajibikaji wa kweli, kwa sababu kitu kilibadilika.

Lakini kwenye utangulizi wake wa Kiingereza mwenyekiti alizitupia lawama pia tabia za Kijapani, kama utii na kutopenda kuhoji wakubwa. Hapo sikubaliani naye. Lawama ikishabebeshwa utamaduni, hakuna mtu wa kumwita mezani.

Wananchi nao hawakuukubali utamaduni kuwa mshtakiwa. Zaidi ya elfu moja walipeleka malalamiko ya jinai mwaka 2012. Waendesha mashtaka wakasema hakuna kesi. Japani ina baraza la raia 11 wanaochaguliwa kwa kura ya bahati, lenye uwezo wa kupitia uamuzi wa mwendesha mashtaka, na likisema mara mbili "washtakiwe", wanashtakiwa. Likasema mara mbili. Vigogo watatu wa zamani, Tsunehisa Katsumata, Sakae Muto na Ichiro Takekuro, wakapandishwa kizimbani kwa uzembe uliosababisha vifo vya watu 44, wakiwemo wagonjwa wa hospitali moja jirani na mtambo walioshindwa kuhimili safari ndefu ya kuhamishwa.

Waliachiwa mwaka 2019. Mahakama ya rufaa ikakubaliana na hukumu hiyo mwaka 2023. Katsumata alifariki mwaka 2024, na Machi 2025 Mahakama ya Juu ikaifunga kesi kwa waliobaki. Upande wa madai, wanahisa walishinda Julai 2022 kwa kishindo: vigogo wanne wa zamani waliamriwa kuilipa kampuni yen trilioni 13. Juni 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta amri hiyo. Nayo serikali ilikuwa imeshasafishwa na Mahakama ya Juu mwezi Juni 2022, kwa hoja kwamba hata kama ingeilazimisha kampuni kujenga ukuta, tsunami iliyokuja ilizidi ile iliyokadiriwa na maji yangeingia tu. Jaji mmoja kati ya wanne alipinga.

Kwa hiyo mtu anaweza kukosa hatia ya jinai na bado akawa na deni la kujibu. Mahakama inauliza kama kosa limethibitishwa pasipo shaka. Mama wa Namie, mji ulio jirani na mtambo, anauliza jambo jingine kabisa.

Namie inastahili kuangaliwa kwa karibu. Wakazi wake walikimbilia Tsushima, sehemu ya milimani ndani ya mji huo huo, wakidhani wamefika salama. Wakakaa siku kadhaa, watoto wakicheza nje. Upepo ulikuwa ukipeleka mionzi huko huko. Serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta uitwao SPEEDI wa kukadiria mionzi itaelekea wapi, lakini makadirio hayo hayakuwafikia, na kwa umma yalitangazwa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi. Wakati huo televisheni zilikuwa zikirudia kauli ya msemaji wa serikali kwamba "hakuna athari ya haraka kwa afya." Ya haraka! Kila mzazi alilisikia neno lile na kujiuliza, na ya baadaye je?

Hapo ndipo wasiwasi wa umma unapoeleweka vizuri. Wakubwa wengi huuchukua kama ujinga unaotibiwa kwa semina: watu wameogopa, waelimishwe watulie. Lakini watu wa Fukushima waliogopa baada ya kufichwa, na hofu ya namna hiyo ina akili yake. Aprili 2011 wizara ya elimu iliruhusu shule zitumie kiwango cha mionzi cha hadi milisiveti 20 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili), wakati kikomo cha kawaida kwa umma ni 1. Mshauri wa waziri mkuu, Profesa Toshiso Kosako, alijiuzulu huku akilia. Wazazi wakasafiri hadi Tokyo na mfuko wa udongo wa uwanja wa shule, wakawawekea maofisa mbele yao. Mwezi haukuisha, wizara ikasema itajitahidi kurudi kwenye 1.

Fidia nayo ina funzo lake. Sheria ya Japani ya mwaka 1961 inambebesha mwenye mtambo gharama zote, awe na kosa asiwe nalo, bila kikomo. Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Ila Septemba 2011 fomu ya kudai ilipotoka ilikuwa na kurasa kama 60, pamoja na mwongozo wa kurasa zaidi ya 150. Mzee aliyeacha stakabadhi zake ndani ya nyumba asiyoruhusiwa kuingia alitakiwa kuambatisha stakabadhi.

Jambo la mwisho ni ahadi. Mwaka 2015 TEPCO iliwaandikia wavuvi wa Fukushima kwamba maji yaliyochafuliwa na mionzi kisha kusafishwa mtamboni hayatatupwa bila wahusika kuridhia. Tarehe 24 Agosti 2023 maji yalianza kumwagwa baharini. Shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, IAEA, lilikuwa limesema mpango huo unakidhi viwango na madhara yake ni madogo mno, na sina sababu ya kuupinga upimaji wao. Lakini siku tatu kabla, kiongozi wa vyama vya ushirika vya wavuvi nchini alimwambia waziri mkuu uso kwa uso kwamba bado wanapinga. Swali la usalama lilikuwa limejibiwa. La barua ya mwaka 2015 halikujibiwa.

Huko Iwaki, kusini mwa mtambo, akina mama walikuwa wameanzisha maabara yao iitwayo Tarachine tangu mwaka 2011. Wanapima mchele, udongo na samaki, na hukodi mashua kwenda kuchota maji ya bahari karibu na mtambo, kisha hutangaza walichokipata.