Dakika moja baada ya raundi: maswali kuhusu mapigo ya moyo ya wapiganaji

Kocha hutuhesabia mapigo tukimaliza raundi, kisha tena baada ya dakika moja. Anatafuta nini?

Anatafuta mapigo yameshuka mangapi. Ukisimama, neva iitwayo vagasi, ambayo kazi yake ni kuutuliza moyo, hurudi kazini ndani ya sekunde chache, na nguvu yake ndiyo inayoonekana katika dakika hiyo. Joto la mwili na adrenalini huchelewa zaidi kuondoka. Kwa bondia, dakika hiyo ndiyo mapumziko yote aliyonayo kati ya raundi.

Nipime vipi bila mashine?

Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Usitumie gumba lenyewe, lina mapigo yake. Raundi ikikatika tu, hesabu kwa sekunde 10, zidisha kwa 6. Baki umesimama, kisha hesabu tena kuanzia sekunde ya 60 hadi ya 70. Ukipata 29 na baadaye 23, ni 174 na 138: umeshuka 36. Pigo moja ulilolikosa linapotosha jibu kwa 6, kwa hiyo ukipishana na jana kwa 5 au 6 usihangaike.

Wengi hupenda kushika shingo. Ukibonyeza sana pale, moyo wenyewe hupunguza kasi na hesabu inapendeza bure. Ukibonyeza pande zote mbili kwa pamoja unaweza kuzirai. Saa ya mkononi inayopima mapigo nayo hucheza kwenye jasho, na mchezaji wa judo hawezi kuivaa mkekani. Mkanda wa kifuani ni bora, kama upo.

Jaribio liwe lilelile kila mara: kuruka kamba dakika 3, mwendo uleule, saa ileile. Leo ukipima umesimama na kesho umelala chali, hujapima kitu, kwani mtu aliyelala hushuka haraka zaidi.

Nimesikia kushuka 12 tu ni hatari.

Hicho ni kipimo cha hospitalini, kwa watu waliotembezwa kwenye mashine kisha wakapunguza mwendo polepole: wakishuka 12 au pungufu kwa dakika moja, daktari huangalia zaidi. Mpiganaji mwenye mazoezi kwa kawaida hupita hapo kwa mbali. Andika namba zako kwa wiki mbili, ujilinganishe na nafsi yako, si na mwenzako wa Chake Chake.

Tangu kaskazi iingie mapigo yangu hayashuki. Moyo umeharibika?

Shuku joto kwanza. Hewa ikiwa na unyevu, jasho halikauki, damu hupelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, na moyo hauwezi kutulia. Jipime kwenye mizani kabla na baada ya mazoezi: kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Kwa kila kilo iliyopungua, kunywa kidogo kidogo lita moja na robo hadi moja na nusu. Dafu linafaa; kahawa ya barazani kabla ya kupima haifai. Wanaovaa nailoni kukata uzito hujiletea shida hii kwa makusudi.

Joto likiondolewa hesabuni, tazama usingizi, homa, na mazoezi yaliyozidi. Kushuka kwa mapigo kukiwa chini ya kawaida yako siku tatu mfululizo, na asubuhi kabla ya kuinuka mapigo yako yako juu, punguza mazoezi.

Nifanye nini yashuke haraka?

Kimbia polepole dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Maji yakipwa, mchanga wa ufukweni huwa mgumu na mzuri kwa kazi hiyo. Kwenye kona ya ulingo, vuta pumzi kwa puani sekunde 3, itoe kwa sekunde 6. Mazoezi yakiisha usikatishe ghafla ukasimama tuli: damu hubaki miguuni, kichwa kikazunguka. Tembea dakika 5.

Lini nimwone daktari?

Kifua kikibana, ukizirai katikati ya mazoezi, mapigo yakirukaruka bila mpangilio, au nyumbani kwenu kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana. Hapo usisubiri wiki mbili za kuandika namba. Na ukiwa na homa, usipande mkekani kabisa.