Sanduku limejaa, faida iko wapi? Mtu mzima mbele ya wazo gumu

Muuzaji wa unga katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, anajua bei ya mfuko wa kilo 25 kabla jua halijachomoza, na anajua itapanda vipi malori yakikwama mpakani Kasumbalesa. Anajaza meka, kile kipimo cha unga, bila kumwaga hata chembe. Madeni ya wateja wake yote yamo kichwani. Mpeleke darasani akajifunze hesabu za biashara, na juma la tatu anaanza kukosa masomo. Kujumlisha hakujamshinda, maana amejumlisha tangu utotoni. Kuna jambo moja tu lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki: mwalimu amesema faida si pesa iliyo sandukuni.

Mwaka 2003, watafiti wawili wa elimu huko Uingereza, Jan Meyer na Ray Land, waliyapa mawazo ya aina hiyo jina: dhana za kizingiti. Walikuwa wakiangalia jinsi uchumi unavyofundishwa vyuoni, wakaona kwamba kila fani ina mawazo machache ambayo mwanafunzi hawezi kuyazunguka. Sharti ayavuke kama mtu avukavyo kizingiti cha mlango. Akiwa nje huona ukuta, akiingia huona chumba. Mengine yote yanayofundishwa ni samani za ndani ya chumba hicho, na ndiyo maana mtu aliyebaki nje anaweza kukariri orodha nzima ya samani asijue pa kuketi.

Tulichukue wazo la faida tulivue nguo, maana maelezo ya jumla hayamsaidii mtu.

Chora kwa chaki miduara mitatu juu ya meza: sanduku, bidhaa, wadaiwa. Kila kifuniko cha soda ni dola 100. Mama anaanza na mtaji wa dola 1,000, yaani vifuniko kumi ndani ya sanduku. Ananunua mifuko 40 ya unga kwa dola 20 kila mmoja, jumla 800. Sogeza vifuniko vinane kwenye bidhaa. Sandukuni vimebaki viwili. Anauza mifuko yote kwa dola 25. (Namba zimerahisishwa, na usafiri tumeuacha pembeni.) Mifuko 24 imelipwa taslimu, dola 600. Mifuko 16 imechukuliwa kwa deni, dola 400. Sasa vifuniko vinane vya bidhaa vinaondoka mezani kabisa, unga umekwenda. Vifuniko sita vinaingia sandukuni na vinne vinakwenda kwa wadaiwa.

Hapo mwalimu anyamaze kwanza, kisha aulize:

“Mama, sanduku lilianza na ngapi?”

“Kumi.”

“Sasa lina ngapi?”

“Nane. Nimepata hasara.”

“Hesabu vifuniko vyote vilivyo mezani.”

Anahesabu: nane, na vinne, kumi na mbili. Anarudia. Vifuniko viwili vimezidi, na sanduku limepungua. Faida ya dola 200 ipo, lakini imelala nyumbani kwa watu.

Usimwache aondoke hapo, geuza mchezo. Safari hii hana mtaji; msambazaji amempa mifuko 40 kwa deni la dola 800. Kwa haraka ya kulipa karo anaiuza yote taslimu kwa dola 19. Sandukuni mna dola 760, na jioni hiyo anajiona tajiri. Kumbe amepoteza dola 40, na hakuna hata dola moja sandukuni iliyo yake. Mfano wa kwanza bila wa pili huzaa kosa jipya: mwanafunzi hukariri kwamba “faida hukaa kwenye madeni”, akaanza kukopesha ovyo.

Mtu aliyeyaona haya mawili kwa pamoja haangalii sanduku tena kwa macho ya jana, na hilo halifutiki kirahisi. Kanuni iliyokaririwa husahaulika, lakini mtazamo uliogeuka ni vigumu kurudi ulikotoka. Tena wazo hilo huanza kujiunganishia mambo ambayo hakuna aliyemfundisha. Chukua likelemba (upatu) ya watu kumi, kila mmoja akitoa dola 50 kwa mwezi. Anayepokea wa kwanza hushika dola 500, lakini alichotoa mwenyewe ni 50 tu. 450 ni deni atakalolipa miezi tisa. Wa tano, akipokea, nusu ni akiba yake na nusu ni deni. Wa mwisho alikuwa akiwakopesha wenzake muda wote bila kujua. Mwanafunzi anayeifikia likelemba peke yake, bila kusukumwa, amekwisha kuvuka.

Lakini kabla ya kuvuka kuna kipindi cha katikati, na hapo ndipo tunapowapoteza watu. Meyer na Land walikipa kipindi hicho jina kutoka neno la Kilatini *limen*, lenye maana ya kizingiti. Walilipata kwa wanaanthropolojia. Arnold van Gennep mwaka 1909 aligawa mila za kuvuka rika katika hatua tatu: kutengwa, kuwa katikati, kurudishwa. Aliyeipa hatua ya katikati uzito wake ni Victor Turner, na hakuipatia mbali na sisi. Aliishi kati ya 1950 na 1954 na Wandembu wa Mwinilunga, Zambia, ng'ambo ya mpaka, watu wa ukoo mmoja na Walunda wetu. Watu wa Katanga hawahitaji kufafanuliwa sana: kijana aliye ndani ya mukanda, yaani jandoni, si mtoto tena, na bado si mtu mzima. Hakuna anayemcheka kwa hilo. Ajabu ni kwamba jamii inayojua kumvumilia kijana wa mukanda haimvumilii mama wa miaka 45 aliyekaa katikati ya wazo. Hata yeye mwenyewe hajivumilii. Anadhani kuchanganyikiwa ni dalili kwamba shule si yake.

Kwa mtu mzima kipindi hiki kina uchungu wa ziada, kwa sababu haingii na kichwa kitupu. Jack Mezirow, aliyechunguza mwaka 1978 wanawake wa Marekani waliorudi masomoni ukubwani, alionyesha kwamba mabadiliko makubwa huanza pale maelezo ya zamani yanapogoma kueleza. Muuzaji wetu ameishi miaka ishirini kwa kanuni ya sanduku, na kanuni hiyo imemlishia watoto bukari (ugali). Kumwambia haitoshi ni kugusa heshima yake. Na akielewa, kuna hasara ya kweli: mdogo wake akija kuomba mfuko “wa kulipa mwisho wa mwezi”, yeye sasa anaona robo ya kifuniko ikihamia kwa wadaiwa. Zamani aliona ndugu tu. Wengine hukasirikia somo kwa sababu hiyo, na wana haki.

Je, ubongo wa mtu mzima haujakauka? Eleanor Maguire na Katherine Woollett walifuatilia huko London watu 79 waliokuwa wakijifunza kazi ya teksi, ambayo hudai kukariri maelfu ya mitaa kwa miaka mitatu au minne. Walichapisha matokeo mwaka 2011. Kwa wale 39 waliofaulu, sehemu ya nyuma ya hipokampasi, panapohusika na kumbukumbu ya mahali, ilikuwa imeongezeka. Kwa walioshindwa haikubadilika. Hawa walikuwa watu wazima wote.

Sasa yale yanayoharibika darasani. Baya kuliko yote ni mwalimu mwenye huruma. Akiona nyuso zimekunjamana anarahisisha: “Faida ni pesa inayobaki.” Darasa linatabasamu, na mlango umefungwa kwa ufunguo, maana sasa wana kanuni ya uongo iliyo nyepesi kuliko ya kweli. La pili ni kuigiza. Mwanafunzi hujifunza kanuni ya wahasibu, “debi kushoto, kredi kulia”, anajaza jedwali bila kosa, na hajui anachofanya. David Perkins, mwaka 1999, aliiita hali hiyo maarifa ya kitambiko. Utamkamata kwa kugeuza swali. Usimpe mauzo atafute faida. Mpe hivi: “Sanduku limeongezeka dola 300 mwezi huu na duka limepata hasara. Nieleze imewezekanaje.” Mwigizaji atauliza ni ukurasa gani.

La tatu ni lugha. Darasa ni la Kifaransa, fikra ni za Kiswahili. Jenga wazo lote kwa Kiswahili hadi mwanafunzi alieleze mwenyewe, ndipo ulibandike neno la Kifaransa. Ukianza na neno, atashika neno.

Kwa nini vifuniko na si ubao? Utafiti wa Nelson Cowan wa mwaka 2001 unaonyesha kwamba kichwa kinaweza kushikilia mambo kama manne tu kwa wakati mmoja. Mfano wetu una sanduku, bidhaa, wadaiwa, bei mbili na mtaji: sita tayari. Vifuniko vinabeba namba, kichwa kinabaki huru kushika wazo lenyewe.

Kwa anayesoma, dakika 45 mara tatu kwa juma zinashinda Jumamosi nzima mara moja. Kabla ya kukokotoa, andika ubashiri wako kwa kalamu isiyofutika: sanduku litaongezeka au litapungua? Ubashiri uliokosea ni mali, usiupasue. Kisha funga daftari na ueleze mfano wote kwa sauti, kwa mtu wa nyumbani ambaye hakusoma somo hilo. Kujipima kunashinda kurudia kusoma, na kuna ushahidi: mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baada ya dakika 5, waliokisoma mara mbili walikumbuka 81% na waliojipima 75%. Baada ya juma moja, waliorudia kusoma walikuwa na 42%, waliojipima 56%. Kwa hiyo ule utamu wa kuona “nimeelewa” mara baada ya kusoma usiuamini sana.

Ukikwama, andika sentensi moja tu: “Ninachokijua ni hiki, na kinagongana na hiki.” Ukishindwa kuijaza nusu ya pili, hujakwama bado, umechoka; kalale. Ukiijaza, mpelekee mwalimu. Hilo ndilo swali alilopaswa kulisikia tangu juma la kwanza.

Somo hili lina kazi hata ofisini. Kongo imo ndani ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 12 Septemba 2012, na hata ule mfumo mdogo wa hesabu walioruhusiwa wafanyabiashara wadogo unadai kwamba mwisho wa mwaka mwendo wa sanduku urekebishwe kwa bidhaa zilizobaki, wanaodaiwa na wanaodai. Ni miduara ileile ya chaki, na mmoja wa nne umeongezeka.

Baada ya siku thelathini jaribu tena swali la sanduku na hasara, bila karatasi. Ukilijibu, kizingiti kinachofuata kimeegeshwa barabarani: pikipiki iliyonunuliwa kwa dola 1,500, itakayodumu miaka mitatu. Kila mwezi inakula karibu dola 42 za faida yako, na hakuna siku utakayoona noti hizo zikitoka mfukoni. Kunja uso, chukua vifuniko.