Je, wajua kwa nini hakimu anaweza kuukataa mkataba wako halali?

Chukua mfanyabiashara wa Kariakoo. Kalipia fremu mwaka mzima, mkataba kauandikisha kwa wakili, mashahidi wametia saini. Mwezi wa nne anakuta mwenye jengo kapiga kufuli. Anafungua shauri, anautoa mkataba upokelewe kama kielelezo, na wakili wa upande wa pili anasimama na pingamizi. Hasemi mkataba ni wa kughushi. Anasema haujalipiwa ushuru wa stempu.

Yaani kodi. Si kodi ya pango, ile ya TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, inayotozwa kwenye hati.

Sheria ya Ushuru wa Stempu ya mwaka 1972 inasema hati inayopaswa kulipiwa ushuru huo haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ilipiwe, iwe mahakamani au kwenye baraza la ardhi na nyumba. Serikali haiwezi kumfuata kila anayesaini karatasi kuanzia Mbagala hadi Bunju, basi inakusubiri mlangoni: iko siku karatasi hiyo utaihitaji. Ujanja wenyewe ni wa kale. Waingereza walianza kutoza ushuru wa hati mwaka 1694, wakisaka fedha za vita dhidi ya Ufaransa, na ukoloni ukautuletea.

Sasa sikia kinachochekesha. Mkataba wa mdomo hauna karatasi ya kulipiwa, kwa hiyo unaweza kuuthibitisha kwa mashahidi tu. Lakini mkishaandikiana, sheria ya ushahidi kwa kawaida haikuruhusu kuyaeleza masharti kwa mdomo. Inataka hati yenyewe, ile ile iliyozuiwa. Aliyejihimu kuandika ndiye anayebanwa! Na hati hiyo hiyo ikihitajika kwenye kesi ya jinai, tuseme mtu kashtakiwa kwa kughushi saini, inapokelewa bila kuulizwa stempu.

Hata hivyo mfanyabiashara wetu hajapoteza kesi. Mahakama zetu zimeshaamua kwamba mhusika apewe kwanza nafasi ya kulipa ushuru na adhabu yake, kisha hati ipokelewe. Ila shauri litaahirishwa, na fremu bado ina kufuli. Mimi naamini mapingamizi mengi ya stempu lengo lake ni hilo tu, kumchosha mtu.

Sheria ya ndoa nayo huingia hivyo hivyo bila hodi. Umenunua nyumba Tabata, stempu umelipia, halafu mke wa muuzaji anakushtaki: ile ilikuwa nyumba ya ndoa na yeye hakuridhia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume au mke kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ndiyo maana ukienda kukopa kwa dhamana ya nyumba, benki inamtaka mwenza wako aje asaini. Ukisema huna, unaletewa kiapo uape kwa maandishi.