Kwa nini sayari za filamu za zamani zimejaa ukungu?

Katika filamu za safari za anga zilizotengenezwa Italia miaka ya 1960, wanaanga wakishuka kwenye sayari ngeni huzama kwenye ukungu mpaka magotini. Ukungu mwekundu, wa zambarau, wa kijani. Mtu hudhani aliyetunga hadithi ndiye aliyetaka sayari ya namna hiyo, kumbe mara nyingi ukungu ule ulifunika sakafu tupu ya studio.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Terrore nello spazio ya mwaka 1965, iliyoongozwa na Mario Bava. Fedha zilikuwa chache mno. Bava mwenyewe alisimulia baadaye kwamba sayari yake ilikuwa mawe mawili ya plastiki, masalia ya filamu ya mashujaa wa kale iliyopigwa katika studio za Cinecittà, Roma. Mawili tu! Akajaza moshi, akaumulika kwa taa za rangi, na jicho liliposhindwa kuuona ukuta likaamini kwamba nchi ile haina mwisho.

Mawe mawili yakageukaje bonde zima? Kwa vioo, na kwa kurudisha mkanda nyuma ndani ya kamera na kuupiga tena, mawe yaleyale yakiwa yamehamishwa. Bava alianza kazi kama mpiga picha, na baba yake, Eugenio, alikuwa fundi wa kamera na hila za picha tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Ufundi huo ulikuwa wa nyumbani kwao.

Hila ya kioo inastahili kuelezwa polepole, maana ni nzuri sana. Ilipata sifa kupitia Mjerumani Eugen Schüfftan katika miaka ya 1920. Kioo cha kujitazamia husimamishwa mbele ya kamera, kimeinama digrii 45. Pembeni huwekwa modeli ndogo ya mlima au ya chombo cha anga, na kioo huirushia lenzi sura yake. Kisha sehemu ya utando wa fedha ulio mgongoni mwa kioo hukwanguliwa, na kupitia kidirisha hicho kamera huwaona waigizaji waliosimama mbali. Picha moja, dunia mbili. Mwigizaji akinyoosha mkono nje ya kidirisha, mkono unatoweka. Na pale dunia hizo zinapounganika, moshi kidogo unatosha kuficha mshono.

Japani shida ilikuwa nyingine. Kampuni ya Toho ilikuwa na Eiji Tsuburaya na mafundi wake, hodari wa kujenga modeli. Lakini modeli ikianguka, hufika chini upesi mno, ikaonekana ni kitu kidogo. Dawa yake ni kupiga picha kwa kasi kubwa, kisha kuonyesha kwa kasi ya kawaida. Hesabu yake ni kipeuo cha pili: modeli iliyopunguzwa mara 25 hupigwa kwa kasi mara 5, yaani fremu 120 kwa sekunde badala ya 24. Hapo roketi yenye urefu wa mkono huanza kuonekana ina uzito wa tani. Nyaya zilizoishikilia zilifichwa kwa ujanja mmoja: modeli ilining'inizwa juu chini, kisha picha ikageuzwa, nyaya zikabaki upande ambao mtazamaji hazitafuti.

Ila moshi uleule uliomwokoa Bava ndio unaozisaliti roketi za filamu hizi. Studio ina hewa, kwa hiyo moshi wa moto unaotoka mkiani hupanda juu, kama wa jiko la kuni. Angani hakuna hewa ya kuupandisha. Gesi ingetoka mkiani na kutawanyika pande zote, bila kujikunja. Ukiitazama tena filamu ya namna hiyo, uangalie moshi wa mkiani: ukipinda kuelekea juu, roketi ile imening'inia ndani ya chumba.